Jani la Mgomba na Jokofu la Chanjo: Safari Yangu ya Rungwe

Niliondoka Morogoro mwezi Julai kwa sababu watoto wawili walikuwa wamekufa kwa surua katika kijiji kimoja kilicho juu ya mji wa Tukuyu. Wote wawili walikuwa wamechanjwa. Jokofu lililotunza chanjo zao linaendeshwa kwa umeme wa jua, na mtambo wake niliufunga mimi.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine. Nilikuwa fundi umeme kiwandani kwa miaka kumi na minne. Kiwanda kilipopata mmiliki mpya tukapunguzwa kazini, nami nikaokotwa na kampuni changa iliyoleta mitambo ya jua kutoka nje. Huko ndiko nilikokutana na kontrola mpya, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri. Paneli ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Ukivuta umeme wake kidogo mno, nguvu inakuwa ndogo. Ukivuta mno, nguvu inaanguka. Katikati pana mahali pamoja inapotoa nguvu yote iliyo nayo, na mafundi tunapaita kilele. Kilele hicho hakitulii. Kinahama jua likipanda, wingu likipita, paneli ikipata joto. Kontrola za zamani hazikuhangaika nacho. Hii mpya ilikuwa inakitafuta yenyewe: inasogea hatua ndogo, inapima, nguvu ikizidi inaendelea upande uleule, ikipungua inarudi. Ikifika mahali ambapo kila hatua ni hasara, inatulia na kuwasha taa ya kijani. Niliipenda ile kontrola. Baada ya kuambiwa kiwandani kwamba sihitajiki tena, ilikuwa raha kushika kitu ambacho watu wachache nchini walikuwa wanakielewa.

Asubuhi ya kuondoka, mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Alikuwa amesimama dirishani.

"Wilaya nyingine mbili zinasubiri kuona jambo hili litaishaje," alisema. "Nenda ukaangalie. Nina hakika utakuta nesi alikuwa anafungua mlango wa jokofu ovyo. Uandike hivyo."

"Na kama siyo mlango?"

"Fundi, mtambo ulipimwa Dodoma ukafanya kazi vizuri. Utakuta ni mlango."

Nilikubali. Nataka wasomaji wajue hilo mapema. Nilipanda basi nikiwa natumaini kukuta ni mlango.

Mbeya niliingia jioni, viungo vimekaza, nikalala karibu na stendi. Kesho yake, saa tatu asubuhi, nilikuwa kwenye barabara ya Tukuyu. Baada ya Uyole gari lilipanda kwenye ukungu na baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, kisha likaanza kuteremka na ardhi yote ikawa kijani, migomba kwa chai, chai kwa migomba, mpaka jicho linatafuta mahali pa udongo mtupu. Niliwahi kupita hapo Novemba, nikienda kufunga mtambo, na kuona ni nchi ya neema. Safari hii nilitazama juu. Kuanzia Kiwira mpaka Tukuyu nilihesabu mara tisa jua lilipotoka na kufichwa tena.

Tukuyu nilifikia Ibighi, kwa Mama Lugano, mjane anayepangisha vyumba viwili vya uani. Mumewe alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha chai, akapunguzwa kama mimi, akafa mwaka uliofuata. Alinipa chai na ndizi za kupika, akaniuliza nimekuja kwa kazi gani. Nilipomwambia, aliweka kikombe chake chini.

"Baba, nikupe neno. Huko juu usitangulize habari ya jokofu. Hutapata wa kukuonyesha njia."

"Wanamlaumu nani?"

"Nesi. Wanasema aliuza dawa nzuri huku mjini, watoto akawachoma maji." Alikiinua tena kikombe. "Mimi namfahamu Subilaga tangu anasoma. Lakini nani ananiuliza mimi?"

Mchana huo nilishuka Msasani, mtaa wa hapohapo Tukuyu, kutafuta kitu kimoja. Nilikuwa na mita ya kupimia volti na ampea, lakini nilitaka njia ya kuivuta paneli kidogo kidogo kwa mkono wangu mwenyewe, bila kupitia kontrola. Kwenye kibanda cha fundi wa majiko ya umeme nilinunua koili, ule waya uliosokotwa unaokaa ndani ya jiko. Ukiuchukua wote unavuta umeme kidogo. Kadiri unavyofupisha kipande, ndivyo unavyovuta zaidi. Fundi aliniuliza jiko langu ni la aina gani. Nilimwambia la zamani.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, nilipata nafasi kwenye lori linalokwenda kuchukua majani mabichi ya chai. Dereva alinishusha kwenye njia panda, nikapanda kwa miguu karibu saa nzima, mlima Rungwe ukiwa umefunikwa kabisa na wingu. Nilipokutana na wanawake wenye majembe nilisalimia kwa neno pekee nililolijua, "Mugonile," wakaitikia kwa uchangamfu. Kisha wakaona begi la vifaa. Mmoja alisema kitu kwa Kinyakyusa, wakaendelea na safari yao bila kugeuka.

Zahanati ilikuwa vilevile nilivyoiacha: vyumba vitatu, paa la bati, paneli nne kwenye upande wa kaskazini. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Novemba migomba iliyo kwenye kona ilikuwa inanifika kifuani. Sasa ilikuwa imepita paa. Jani moja pana lilikuwa limeinama juu ya paneli ya mwisho, linapepea taratibu.

Nesi Subilaga alitoka akiwa amevaa sweta juu ya gauni la kazi. Nilimkumbuka kuwa mwanamke wa kucheka. Alinisalimia kwa adabu, akanifungulia chumba cha jokofu, akasimama kando ya mlango kama mtu anayemsubiri mgeni amalize shughuli yake aondoke.

Taa ya kontrola ilikuwa ya kijani.

Nilipima betri. Zilikuwa dhaifu kiasi kwamba niliona aibu kuusoma mshale mara ya pili. Zilikuwa hazijawahi kujaa kwa muda mrefu. Kila siku zilipata nusu ya haki yake, na kila alfajiri ziliishiwa, jokofu likazima, chanjo zikapata joto mpaka jua la asubuhi lilipoamsha mtambo tena.

"Mlango ulikuwa unafunguliwa mara ngapi kwa siku?" nilimwuliza.

Alikwenda mezani, akarudi na faili. Ndani yake mlikuwa na karatasi za joto, siku moja haijarukwa, asubuhi na jioni, kwa mwandiko safi. Mwanzoni tano, sita. Mwishoni mwa Aprili nane, kikomo cha chanjo. Mei kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na kila palipozidi nane alikuwa amepiga mstari wa kalamu nyekundu.

"Niliuliza wilayani," alisema. "Wakaniambia niulize mafundi kwanza, wao ndio wanaojua mtambo. Nikawaandikia."

Alifunua ukurasa wa mwisho. Ilikuwa barua ya kampuni yetu ya mwezi wa tano, na chini yake ilikuwa saini yangu.

Nilijibu barua nyingi mwaka ule; nilikuwa nimeisahau. Nesi alikuwa ameandika kwamba joto linapanda, na kwamba kuna jani la mgomba linaloangukia paneli moja tangu jua lilipoanza kuinamia upande wa kaskazini. Aliuliza je, aikate migomba? Nami nilikuwa nimemjibu hivi: "Kivuli cha jani moja kwenye paneli moja kati ya nne si tatizo kubwa. Kontrola hii hujitafutia kilele yenyewe. Taa ya kijani ikiwaka, ujue mtambo unatoa nguvu yake yote. Punguza kufungua mlango."

Nilisoma mara mbili. Yeye alikuwa anatazama nje.

"Hii migomba waliipanda wanakijiji wenyewe," alisema, "ili akina mama wanaokuja kujifungua wapate cha kula. Kama ungesema nikate, ningekata siku ileile."

Saa nne na nusu jua lilitoka. Nilichomoa nyaya za paneli kutoka kwenye kontrola, nikapanda juu ya paa, nikaifunga koili yangu juu ya matofali mawili, nikaanza kupima. Nilianza na koili nzima, kisha nikasogeza kibanio vidole viwili, nikasoma volti na ampea, nikazidisha, nikaandika, nikasogeza tena. Nesi alishika daftari chini na kuandika namba nilizomtamkia. Wingu likipita tulisimama tukasubiri, jua likirudi tukaendelea. Tulipomaliza nilishuka, nikachora alama zile kwenye karatasi ya mirabaraba, nikaziunganisha kwa penseli.

Pale ambapo pangepaswa kuwa na mlima mmoja, palikuwa na miwili.

Ule wa kwanza, ambao kontrola hukutana nao inapoanza kazi asubuhi, ulikuwa kilima kidogo, wati zisizofika mia. Hapo paneli yenye kivuli ilikuwa inazibana zile tatu nyingine, maana zimeunganishwa kwa mfululizo na umeme wa moja ndio unaopita kwa zote. Baada yake palikuwa na bonde, na ng'ambo ya bonde, ukiivuta zaidi mpaka ile yenye kivuli irukwe kabisa, palikuwa na mlima mkubwa, zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza. Kontrola yangu ilipanda kilima cha kwanza. Kila ilipojaribu hatua mbele iliona nguvu inapungua, ikarudi. Ikajaribu nyuma, ikarudi. Ikawasha taa ya kijani. Haikuwa mbovu. Ilifanya yaleyale iliyotengenezwa kuyafanya, siku baada ya siku, na haikuwa na njia ya kujua kwamba ng'ambo kuna mlima mwingine.

Nilimweleza nesi. Alifuatisha mstari ule kwa kidole, kilima, bonde, mlima.

"Kwa hiyo nguvu ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwepo."

"Hapo hapo juu ya paa. Mei yote."

"Ndiyo, sista."

Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akafunika uso kwa viganja, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipasuka. Nilisimama na penseli mkononi.

Alasiri mwenyekiti wa kijiji aliitisha wazazi. Nilimwomba mimi. Nesi alinikataza kwanza, akisema nitaharibiwa kazi yangu na haitamrudishia mtu mtoto, lakini nilikuwa nimeshaona kwamba nikiondoka kimya, yule mwanamke atabaki peke yake na maneno ya watu. Walikuja kumi na wawili hivi, wakaketi kwenye nyasi mbele ya zahanati. Miongoni mwao alikuwa Bupe, mama wa Gwamaka, mtoto wa kwanza kufa, na pembeni yake mama mkwe wake, bibi aliyejifunika kanga mbili kwa baridi.

Nilisema yote. Nilisema chanjo ziliharibika kwa joto, kwamba nesi aliona, akaandika, akauliza, na kwamba aliyempa jibu baya ni mimi. Niliisoma barua yangu kwa sauti. Nilisema pia kwamba madaktari wa wilaya wanasema hata chanjo nzuri haimkingi kila mtoto, kwa hiyo hakuna atakayeweza kuapa kwamba Gwamaka na Tumaini, yule mtoto wa pili, wangepona. Nililiona neno hilo lilivyoangukia nyuso zao, nikatamani ningeliacha.

Bibi ndiye aliyesema wa kwanza.

"Wewe baba, ile taa ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka, bibi."

"Basi ni mwongo, taa yako. Na wewe ni mwongo." Hakupandisha sauti. "Na yule aliyemchoma mjukuu wangu ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, nesi alisimama.

"Ni mimi, bibi. Mkono ulikuwa wangu. Niliona namba zimepanda, moyo ukakataa, lakini nikamsikiliza fundi. Ningeweza kuacha kuchanja. Sikuacha."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia. Mwenyekiti alisema sala fupi, akafunga mkutano. Hakuna aliyenishika mkono, na hakuna aliyenitukana. Walitawanyika kwenye migomba mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazikoni.

Siku ya nne tulifanya kazi. Mwenyekiti alileta panga, akaikata migomba ya kona mwenyewe. Betri mbili nilizoona zinafaa nilizichaji kwa kontrola ya kawaida, isiyotafuta kitu, niliyokuwa nimemwagiza dereva wa lori la chai aniletee kutoka Msasani. Ilitoa nguvu kidogo kuliko ile yangu ingetoa kwenye jua safi, lakini haikudanganya mtu. Kufikia jioni kipimajoto kilisoma saba.

Siku ya tano ilikuwa siku ya kliniki. Chanjo mpya zilikuwa zimeletwa kutoka Tukuyu kwenye sanduku la baridi, nesi akazipanga kwenye jokofu, akaandika joto, akafungua dirisha la uandikishaji saa mbili kamili. Niliketi kwenye benchi. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne ukungu ulipanda ukatufunika, ukashuka tena. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa inaning'inia kwenye boriti, mkoba wake mtupu.

"Mwezi wa nne walikuwa wanajaa mpaka barabarani," nesi alisema.

Karibu saa tano tulimwona Bupe akija peke yake, bila mtoto mgongoni. Alisalimia, nesi akamkaribisha kiti, akakataa. Alitoa kitu kwenye pindo la kanga yake. Ilikuwa kadi ya kliniki ya Gwamaka.

"Nimeirudisha," alisema. "Kila nikifagia chumba naiona. Imeandikwa tarehe ya kurudi. Siwezi kuitupa, na siwezi kukaa nayo."

Nesi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyopokea kitu cha heshima huko.

"Nitaitunza, mama Gwamaka."

"Ndaga," Bupe alisema, yaani asante. Akanigeukia. Alinitazama kama anayetaka kuikariri sura yangu, kisha akateremka njia yake. Siku hiyo hakuja mwingine.

Mchana niliteremka mpaka njia panda na lori la chai likanirudisha Tukuyu. Safari ya kurudi Mbeya na ile ya kutoka Mbeya kwenda Morogoro siikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba niliandika taarifa yangu magotini, na mkono uliporuka kwa mashimo ya barabara sikufuta.

Nilikuwa nimeacha nakala ya mchoro na ya barua yangu kwa nesi, na nyingine wilayani. Mkurugenzi alisoma taarifa akiwa amesimama, akaniuliza kama naelewa nimefanya nini. Nilimwambia naelewa. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa sina kazi tena. Kampuni iliendelea kuuza kontrola zilezile, na karatasi zake za matangazo ziliendelea kusema kwamba hujitafutia kilele zenyewe, jambo ambalo ni kweli. Kwa Nesi Subilaga, uchunguzi ulimkuta hana kosa. Hata hivyo alihamishiwa zahanati nyingine, mbali na kwao, kwa sababu wazazi waliendelea kukataa kuleta watoto. Nimesikia kwamba aliyechukua nafasi yake alingoja karibu mwaka mzima kabla ya benchi lile kujaa.

Sasa najitegemea. Siku hizi zimekuja kontrola zinazopima bonde lote na milima yote mara kadhaa kwa siku kabla ya kuchagua mahali pa kutulia, nami nazifunga, ni nzuri. Lakini kila ninapofunga, iwe ni kontrola ya aina gani, napanda paa na koili na mita, nachora mstari wote mwenyewe, kisha nauliza mti ulio karibu unakua kwa kasi gani, na jua la Juni linapita wapi. Hayo ni ya ufundi, na yanafundishika.

La pili lilinigharimu zaidi. Kwa kila nesi ninayemwachia jokofu namwambia: ukiona kipimajoto kimepanda, acha kuchanja siku hiyohiyo, wala usisubiri neno langu, mimi niko mbali, wewe ndiye unayekiona. Wengi hutabasamu, wakidhani ni unyenyekevu wa fundi.

Nesi Subilaga nilimwambia maneno hayo mchana ule wa kuondoka, tukiwa mlangoni pa zahanati. Hakutabasamu. Aliniuliza mbona sikumwambia hivyo mwezi wa tano.